Mkono wa Mama Mkwe

Mbale, Maragoli
4 Machi 1996

Kwa binti yangu Asenath,

Unisamehe kwa kimya cha miezi mingi. Kikohozi kilinilaza, sasa kimepungua. Wewe, Wanyonyi na watoto hamjambo?

Mama mkwe wako alipita hapa akitoka Nairobi, akalia kitini pangu. Anasema alikunyooshea mkono mlangoni pako, nawe ukauficha wako mgongoni. Sikukulea hivyo. Atarudi huko Pasaka. Msalimu kwa mikono miwili, mbele ya watu.

Baba yako,
Mwalimu Javan

Jericho, Nairobi
15 Aprili 1996

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini kikohozi kimekwisha. Watoto ni wazima, mimi la.

Nilitii. Baada ya ibada nilimpa mama mkwe mikono yote miwili. Akaikamata, akaitikisa vile tunavyotikisana kwetu, nami nikapiga mayowe. Akina mama wa kanisa wakaanza kukemea pepo.

Baba, si dharau. Huu ni mwaka wa pili mwili wote unauma, hata nikiamka ni kama nimeshinda nikilima. Shuka likinigusa linachoma. Daktari alinibonyeza shingo, viwiko, magoti; kila mahali nikaruka. Akasema ugonjwa unaitwa fibromialgia: neva hupaaza maumivu kupita kiasi, ila picha na damu hazionyeshi kitu. Hauui, wala hauna dawa ya kuumaliza. Nipumzike, nitembee polepole, nilale vyema.

Wanyonyi anasema, "Picha safi, damu safi. Unaumwa na nini wewe, uvivu?" Anataka kuwapeleka watoto kwa mama yake. Je, unaniamini? Nikija nao, utatupokea?

Binti yako,
Asenath

Mbale
3 Juni 1996

Asenath, binti yangu,

U hali gani? Barua yako ilichelewa posta. Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Daktari huyo simjui, lakini wewe nakujua: ulivunjika mkono ukiwa darasa la tatu, wala hukulia.

Nakuamini. Njoo na watoto. Chumba cha marehemu mama yako nimekipaka chokaa. Sitakupa mkono, nitasimama langoni mikono nyuma, na majirani waseme watakavyo.

Baba yako

Jericho
17 Juni 1996

Baba,

Natumaini u mzima. Barua yako iliwakuta watoto wamekwenda. Wanyonyi aliwapandisha basi la Bungoma, kwa mama yake. Anasema nikija kwako nisiwatafute tena. Nikiwataka, nihamie kwa mama yake, nilime na kuteka maji kama wanawake wengine.

Kwako ningepumzika. Kule ningewaona.

Tulipoagana, Annah, mdogo wao, hakunikumbatia. Alishika upindo wa gauni langu, kama nilivyomfunza, akauliza, "Nikishika hapa inauma, mama?" Nikamwambia haiumi.

Chumba usikifunge bado. Nikishaamua, nitakuandikia.

Binti yako,
Asenath