Kifaa cha Mama Nekesa Hakimo Tena

Jumanne, baada ya sala

Hakimo. Nimetafuta tangu asubuhi, na kifaa cha kusikia cha mke wangu hakimo tena kwenye tovuti ya kampuni iliyokitengeneza. Mwezi jana ukurasa wake ulikuwepo, na mchoro ulioonyesha kila kipande na jina lake. Fundi wa kule hospitali ya Mulago anataka jina la kipande kilichokatika ndipo aagize. Leo nimekuta picha za vijana wanaocheka, vifaa vipya vya rangi rangi, na swali: je, niko tayari kwa maisha mapya?

"Wameipendezesha, Baba," binti yetu Nekesa alisema.

"Mtu akipaka duka la dawa rangi, hatupi jalalani dawa za wagonjwa wake wa zamani." Nikaendelea kueleza, kama kawaida yangu ya ualimu, mpaka akanikatiza: "Mwalimu, mimi si kampuni!"

Tulicheka. Mama yake akatutazama midomo, akacheka pia, bila kujua kwa nini.

Kifaa kipya hatukiwezi. Na hiki kisipopona, sijui…

Katika nyumba hii mimi husoma zaburi, mke wangu huitikia na kuanzisha wimbo. Jioni hii nilinyamaza katikati ya zaburi ili nivute pumzi. Akadhani nimemaliza. Akasema "Amina," akafumba macho na kuanza kuimba.

Nekesa alinitazama. Nikatikisa kichwa asimzuie. Mistari iliyobaki nikaimeza, nikaimba naye.