Sufi ya Kijivu Juu ya Kitanda

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Kifua cha Mama kinaendeleaje? Mimi mzima, ila ufundi wa dari umeniachia mikono kama msasa.

Jana tulikuwa tunabomoa dari ya shule kuukuu. Msimamizi alipoona kilichomo ndani, alitutoa nje mbio, hata nyundo tukaziacha. Ilikuwa sufi ya kijivu ya kuzuia joto, yenye asbesto. Nyuzi zake hazionekani kwa macho. Ukizivuta, zinakaa mapafuni miaka ishirini, thelathini, ndipo zinaanza kuua.

Baba, niliitambua. Ndiyo ile uliyokuwa ukibeba kwa magunia kutoka kiwandani, ukaitandaza juu ya dari ya chumba chenu. Msiiguse, na vumbi lake msilifagie. Hamieni chumba cha mbele. Nitaleta wataalamu waipime.

Mwanao, kitinda mimba

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anakohoa kidogo, uzee tu.

Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu. Majirani wakiungua na mabati yao, sisi tunajifunika shuka. Leo wewe, uliyeshika nyundo juzi, unanifundisha mimi niliyevisha mabomba ya mvuke sufi hiyohiyo miaka ishirini na miwili? Wataalamu wako wabaki hukohuko. Funika kombe mwanaharamu apite.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Kombe silifuniki.

Nimeisoma barua yako mara nne. Umenikaripia vizuri, lakini hujasema hata mara moja kwamba ile si asbesto. Nimeomba ruhusa kazini. Nitakuja, ukipenda usipende.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeikalia barua yako wiki tatu, nikimwambia mama yako hujaandika.

Nilijua. Miaka sita iliyopita alifariki Kipara, mwenzangu wa zamu, na daktari alisema ni vumbi la kiwandani. Tangu hapo, mama yako akikohoa, ninajifanya nimelala. Ningeanzaje kumwambia kwamba nimemtandikia sumu juu ya kitanda?

Jana asubuhi alikuta vumbi la kijivu kwenye shuka, akaanza kulikung'uta. Nikapiga kelele, "Acha!" Nikamtoa nje, nikamweleza yote.

Kisha akauliza, "Na wewe, ulipokuwa ukiitandaza, ulifunika pua?"

"Hapana."

Hapo ndipo alipolia. Mimi nilidhani atanitukana.

Chumba tumekifunga, tumehamia kwa dada yako. Njoo na watu wako.

Baba yako

20 Mei

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Safari ya kurudi ilikuwaje? Mama yako anakusalimu sana. Bado anawacheka mafundi wako walivyovaa nguo nyeupe kama mayai yaliyoota miguu. Lakini kazi yao nimeikubali: wameilowesha ile sufi, wameitoa, wameifunga mifuko miwili miwili, vumbi halikuruka. Sisi kiwandani tulikuwa tunaipiga teke.

Majibu ya hospitali yametoka. Mama yako ana pumu, amepewa dawa. Mapafu yangu yana makovu. Hayafutiki, lakini daktari atakuwa ananipima kila baada ya miezi sita. Nimekuandikia ukweli, sitaki tena kuficha.

Siku ile kiwanda kilipogawa mabaki ya sufi, wengi tulibeba. Nimekaa na mama yako tukawakumbuka mmoja mmoja: nyumba kumi na nne. Nyingine zina wajukuu ndani.

Jana tulianza kwa yule mchomeaji vyuma wa kiwandani, jirani wa zamani. Nilipomwambia yote, alifoka, "Umejua miaka sita, leo ndiyo unakuja?" Akatufungia mlango usoni.

Nikageuka niondoke.

"Unakwenda wapi?" mama yako akaniuliza. Akavuta pumzi, akagonga tena.

Baba yako