Pingamizi la Mwiko wa Monika

Mama Neema,

Bwana asifiwe. Huko uliko najua anasifiwa bila watu kusukumwa. Huku Doha joto ni lile lile, na tangu utuache kwaya yetu ya Abu Hamour inaanza wimbo juu sana, tunamalizia kwa kukohoa.

Nakuandikia juu ya mwiko. Si ulikataa ile miembamba ya maduka ya hapa, ukasema, "Ugali si mayai!" Ukatafuta kiwanda China, wakakuchongea mwiko wa maana, ukaandikwa jina lako, Mwiko wa Monika, na kaduka ketu ka Al Mansoura kakajaa Wakenya na Waganda. Ulipofariki, Lin, wakala wetu wa huko China, akanyamaza. Nikatafuta kiwanda kingine. Kikanijibu kwa heshima kwamba jina hilo kuna mtu ameliombea usajili. Nani? Lin!

Ndiyo, Lin. Yule uliyetutangazia kanisani kwamba amebakiza kidogo tu aokoke.

Nililia, dada. Jina hilo ndilo urithi uliomwachia Neema, na sasa linachukuliwa na mtu ambaye hajawahi kusonga ugali. Wakili tuliyempata huko akanieleza polepole, kama mtoto wa Sunday school: China, anayetangulia kuandikisha alama ya biashara ndiye mwenyewe, hata kama wewe ulianza kuitumia. Lakini ombi likishatangazwa kuna miezi mitatu ya kuweka pingamizi. Na kama mwombaji alifanya biashara na wewe, akaijua alama yako kabla hajaiomba, ananyimwa. "Leteni ushahidi kwamba aliijua," akasema.

Ushahidi gani, jamani? Mkataba ulikataa kuandika. Ulisema watu wa Mungu wakishaomba pamoja wamekwisha kupatana. Nikafungua simu yako, na wee! Kila oda uliituma kwa sauti, na kila moja ulianza na maombi, kwa kile Kiingereza chako cha kukemea mapepo. "Baba, bariki jina hili, Mwiko wa Monika, na umzuie ndugu Lin asilipake rangi mbaya." Naye Lin, kwa adabu ya kutopoteza mteja, kila mara akajibu, "Amen, sista Monika."

Wakili alicheka mpaka akaniomba radhi. Mfasiri wao alikwama pale ulipomfunga shetani wa forodha. Akauliza kama huyo naye ni mhusika wa kesi. Nikamwambia ndiyo, ila asimwandikie barua.

Mama Neema, pingamizi limekubaliwa! Lin amenyimwa. Anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, na akiomba tutamngoja.

Lakini kumnyima yeye si kutupa sisi, ilibidi tuombe wenyewe. Wakili akauliza mwenye alama aandikwe nani, kwa kuwa marehemu haandikwi. Nikasema: Neema, binti wa Monika. Nilimpigia huko kwenye chuo chake cha uuguzi nikamweleza. Alilia, akapenga kamasi, kisha akauliza, "Kwa hiyo, Auntie, sasa naweza kuwashtaki wengine?"

Aki ni wewe mtupu.

Pumzika basi, dada yangu. Nakuahidi nitamshikia hilo duka mpaka aje, na akija na hasira zako, nitamvumilia kama nilivyokuvumilia.

Wako katika Bwana,
Mama Faraja