Utepe Shingoni mwa Bosi

Ntimaru,
Jumatano jioni

Kaka yangu Ouma,

Pokea salamu kutoka huku Kuria. Mgongo wa mama umepoa? Mahindi yamepaliliwa? Mimi bado nauza nyanya na vitunguu pale pale sokoni, na Adhiambo anaenda shule. Tu wazima, kadiri ninavyoweza kusema leo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanibembeleza nami nitalegea, na safari hii sitaki kulegea.

Unaikumbuka asubuhi ile ya likizo tulipokuja huko nyumbani, Bosi alipomng'ata mwanangu shavu la mguu. Mbwa wa marehemu baba, aliyekuwa akiwasindikiza watoto kisimani! Nilikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, mtoto akilia. Wewe ukasimama mlangoni ukasema, "Wacha kusumbuka, hiyo mbwa imechanjwa. Si unaona utepe?" Niliuona. Mwekundu, kama ule waliofungwa mbwa wote waliochanjwa uwanjani kwa chifu. Hata hivyo nilimpeleka hospitali Homa Bay, akadungwa kuzunguka kidonda na begani. Tuliporudi huku tukaendelea na sindano.

Muuguzi wa hapa alinieleza vizuri. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, akashindwa kumeza hata maji, hakuna dawa. Dawa ni kukiwahi. Akaniambia mbwa aangaliwe siku kumi, na akibaki mzima, sindano zilizosalia zinaweza kuachwa. Siku ya kumi nikakupigia. Maneno yako ninayo mpaka leo: "Bosi yuko sawa kabisa, jana amemaliza omena yangu yote." Nikamshukuru Mungu. Nikampelekea muuguzi habari hiyo, na sindano zikasimama.

Ouma, Bosi alikuwa ameshakufa siku ya nne.

Nimeyajua kwa jirani yetu wa huko nyumbani, Mama Atieno, aliyekuja kuuza dagaa wake wa omena soko la juzi. Alinishika mkono akanipa pole. "Ile mbwa ya mzee ilikufa vibaya, nyar mama, dada yangu. Mate inatoka tu, inauma mpaka mawe." Alidhani najua. Nikamuuliza, si ilikuwa imechanjwa? Ndipo akanieleza yote. Siku ya chanjo iliangukia Sabato, nawe ulikuwa kwenye kwaya. Utepe ule uliukata kwenye sare yako ya kuimbia, ili watu wasiseme mbwa wa mzee anazurura bila chanjo.

Kwa Sabato sikulaumu. Hata kwa utepe ningekusamehe, aibu ni aibu. Lakini nilikuuliza habari ya mtoto wangu, ukanijibu habari ya jina lako. Kikulacho ki nguoni mwako, nimekuwa nikilisema hilo tangu utotoni bila kujua uzito wake.

Niliacha nyanya mezani nikakimbilia kliniki. Muuguzi hakunigombeza, alisema tu tusipoteze siku nyingine. Sindano zimeendelea, imebaki moja. Anasema kuna matumaini makubwa. Nami namwamini, lakini Adhiambo akishika kikombe cha maji naacha ninalolifanya nimtazame mpaka ameze. Jana alipaliwa akakohoa, nikamkumbatia na kikombe chake mkononi. Yeye akacheka, akaniuliza kwa nini nalia.

Sasa nisikilize. Kama ulimzika Bosi kwa mikono mitupu ukiwa na mkwaruzo, au mate yake yalikuingia jichoni au mdomoni, nenda hospitali kesho, na usiwadanganye. Kama aliwauma mbwa wengine, mwambie daktari wa mifugo. Huyo mbwa mdogo wa mke wako achanjwe, na kila mwaka tena. Nina hasira nawe, lakini sitaki kukuzika.

Msalimie mke wako, na mwalimu wa kwaya, na shangazi yetu wa kule Rongo akipita. Barua hii anakuletea Mama Atieno mkononi.

Mama hajui kusoma, na barua zangu zote humsomea wewe. Hii pia msomee, kwa sauti, tangu juu mpaka chini, usiruke mstari. Ukifika pale pa omena atakuuliza kwa nini umenyamaza. Mjibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Mama Adhiambo