Noah Kuukuu na Kodi ya Uchakavu

Alhamisi, Mikindani. Mawingu yametanda tangu asubuhi na joto limebana. Nina hasira, na leo sitaki zipoe kabla sijaandika.

Gari nililoagiza Japani limefika bandarini Dar. Ni Noah kuukuu. Juzi wakala anayenitolea gari bandarini alipiga simu: juu ya ushuru mwingine wote kuna kodi ya uchakavu, kwa sababu gari la zamani linachafua hewa. Nilijua ipo. Sikujua ni kubwa hivyo.

"Dada, kuna njia," akasema kwa sauti ya chini. "Tunabadilisha mwaka wa gari kwenye karatasi. Wengi wanafanya."

Nikakataa. Kama nataka kuipinga kodi hii, sitaanza kwa kujificha.

Noah hii si ya kuringia. Mdogo wangu Somoe ameolewa Msimbati. Masika iliyopita alishikwa na uchungu, bajaji ikazama mchangani, akajifungulia kando ya njia, mawifi zake wamemzungushia vitenge.

Mtoto hakulia.

Sasa Somoe ana mimba nyingine.

Basi leo nikaenda mjini Mtwara, ambako ofisa wa kodi alikuja kuzungumza na sisi wafanyabiashara. Alieleza vizuri, lazima niseme: moshi, vifua vya watoto, hali ya hewa. Nikanyoosha mkono. Nikasimama.

"Mheshimiwa, moshi siutetei. Naishi Mikindani, bahari inavyokula ufukwe naiona. Lakini mwenye uwezo wa gari jipya hii kodi haimgusi. Inanigusa mimi. Hela hiyo ya mazingira inafanya nini huku kwetu? Gesi inasafishwa hapo Madimba, inakwenda Dar. Tusogezeeni basi kituo cha kujazia gesi magari, hata hili kuukuu langu nitalifunga mtungi wa gesi, moshi uishe."

"Mama, swali lako nimelichukua."

"Umelichukua, lakini jibu hujaniachia."

Ukumbi ukacheka. Yeye pia alicheka kidogo. Kisha akampa mwingine nafasi ya kuuliza.

Nje, kaka Hamisi, aliyekuwemo ukumbini, alinivuta pembeni. Ndiye mkubwa wetu, na tangu baba afariki sijawahi kubishana naye.

"Umetuaibisha. Liache hilo gari lipigwe mnada, yaishe."

"Haliachwi, kaka. Mikorosho aliyoniachia mama naikodisha msimu huu, kodi nailipa yote. Somoe hatajifungulia njiani tena."

Alinitazama, nikadhani atafoka. Akashusha macho.

"Basi usimkodishe mtu baki. Nikodishe mimi."

 Nikampigia wakala palepale, nikamwambia aandike mwaka halisi wa gari.

Sijafurahi. Bado naona mzigo huu wametupiwa watu wasiostahili kuubeba, na kikao kijacho nitakaa kiti cha mbele niulize tena.

Kodi nitalipa. Kunyamaza hakumo ndani yake.