Bendeji Huanzia Vidoleni

Karurumo, 3 Machi 2024

Kwa Wambeti,

Habari ya Meru na ofisi? Huku tuko, ng'ombe amezaa. Nimeandika kwa sababu kwenye simu lazima nipaze sauti, na jirani Peninah hana kazi ila kusikiliza.

Mguu umevimba tena. Nikiubonyeza, kidole kinaacha shimo. Zahanati wanasema ni maji ya mwili yamekosa njia. Mimi nasema nilikanyaga kitu nilichotegewa. Mama yangu, uliyepewa jina lake, alivimba hivi hivi, na nyanya ya huyu Peninah ndiye aliyekosana naye mtoni. Juzi nimemwona Peninah ameinama kwenye njia yangu. Alikuwa anafanya nini? Kikulacho ki nguoni mwako.

Na mchumba wako Muchangi, wazee wake wanakuja lini?

Mama yako

Meru, 14 Machi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima.

Achana na Peninah, tafadhali. Nakutumia bendeji. Osha mguu kwa sabuni, kausha katikati ya vidole, paka mafuta, kisha funga kuanzia vidoleni kwenda juu. Chini ibane, juu ilegee. Jioni utawashwa nyuma ya kifundo, pale panapokunjika. Usijikune, weka pamba hapo kabla ya kufunga.

Viatu vyeusi nilivyoweka pamoja na bendeji ni vya mdogo wangu Kaari, mimi havinitoshi. Wazee wa Muchangi wangoje kidogo, kazi imenizidi.

Binti yako

Karurumo, 9 Aprili

Wambeti,

U mzima kweli? Nauliza nikitaka jibu.

Mguu umepungua, kiatu cha kanisa kinaingia. Asante. Lakini muuguzi alinifundisha kufunga na hakutaja kuwashwa. Nimewashwa palepale uliposema. Nani alikuambia?

Tena Kaari amevaa vile viatu. Cha kulia ni kama kipya. Cha kushoto kimepanuka mpaka uzi umeachia. Tangu Krismasi hujakanyaga hapa, na picha zako zote zinaishia kiunoni. Nilifikiri una mimba, nikamtukana Muchangi moyoni. Sasa sijui nifikirie nini.

Usinifiche. Mimi si Peninah.

Mama yako

Meru, 2 Juni

Mama,

Habari za nyumbani? Nisamehe kwa kunyamaza na kuzima simu.

Ni mguu wa kushoto. Ulianza mwaka jana, nikalaumu kiatu. Daktari aliniuliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye shida hii, nikakataa. Niliogopa utasema tumerogwa sote, na maneno yafike kwa wazee wa Muchangi kwamba ukoo wetu una laana. Yeye hajui. Mimi huvaa suruali ndefu. Nimechoka, Mama.

Binti yako

Karurumo, 8 Juni

Wambeti mama yangu,

Umeamkaje, na mguu umeamkaje?

Nimelia, kisha nikaenda kwa Peninah nikamuuliza uso kwa uso alikuwa anaokota nini. Miiba. Alikuwa amekata ua wake, akaogopa nitaikanyaga na mguu huu. Bado simwamini sana, lakini miiba nimeiona, ameirundika kando.

Kwa hivyo hakuna aliyenitegea. Huu mguu ulitoka kwa mama yangu ukaja kwangu, na mimi ndiye nimekupa. Hilo linaniuma kuliko uvimbe wenyewe.

Mwambie Muchangi kabla wazee hawajaja. Akitaka kukimbia, akimbie mapema na miguu yake mizuri.

Jumamosi uje. Uvae rinda, upite mbele ya Peninah polepole. Bendeji zako lete, nitakufunga mwenyewe, kuanzia vidoleni.

Mama yako