Kisima Alichochimba Fiacre

Bunia, mwezi wa pili 2004

Kaka yangu mkubwa, yaya Donatien,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, mahali penye mwanga. Huko Kisangani mnaamkaje? Shemeki Priscille ameacha kukohoa? Watoto wanasoma? Siye huku tungali hai, Mungu ashukuriwe. Mama anatembea, anakula kidogo. Binti yangu Bénédicte alishikwa na kolera siku za Noeli, akakauka mpaka nikaanza kumtafutia kitambaa cheupe, lakini alirudi. Mtoto wa Agathe, jirani yetu wa nyuma, hakurudi. Wote wawili walikunywa maji ya kijito cha chini, kwa sababu hatuna mengine. Unakijua kile kijito. Mvua ikinyesha, vyoo vya watu wa juu vinamwagikia mle.

Nina habari ya mdogo wetu Fiacre pia. Usiisome barua hii mbele ya watu. Nitafika, niache niende polepole.

Unakumbuka kwamba kabla ya vita Leta, hiyo serikali yetu, ilitoa pesa ili kartie yetu, mtaa huu wa bondeni, ichimbiwe kisima, ijengewe vyoo vya watu wote na mfereji wa kupitisha maji machafu. Fiacre alikuwa kati ya wachimbaji. Alikuwa anarudi nyumbani na udongo mwekundu masikioni, akijisifu kwamba watu wa bondeni nao watakunywa kama watu. Kisha vita viliingia, na wale waliokamata muji wakasema pesa ya maji sasa ni pesa ya vita. Matofali ya vyoo yalilala pale mpaka watu wakayabeba moja moja. Kisima kilibaki shimo refu, kavu, lenye vikanyagio ambavyo wachimbaji walivichonga ukutani ili kupanda na kushuka. Wakalifunika kwa mabati na mawe, mbele kabisa ya dirisha la Mama.

Mwaka jana, mwezi wa tano, risasi zilipozidi, mimi nilikimbilia Komanda na watoto. Mama alisema miguu yake haiwezi ile njia, na Fiacre akabaki naye. Niliporudi nilimkuta Mama peke yake. Aliniambia Fiacre ameenda Mongbwalu kuchimba zahabu. Niliamini, maana tangu zamani Mongbwalu ilikuwa wimbo wake, na ndivyo nilivyokuandikia weye. Ila niliona kwamba Mama amepigilia kikwembe chake cha kujifunga kwenye lile dirisha, na nyumba ilikuwa giza hata jua likiwa kali.

Watu nao walikuwa wameanza kupaogopa mahali pale. Upepo ukipita chini ya mabati, shimo linatoa sauti kama ya mtu anayeanza kuita jina na kuliacha katikati. Wanakwaya wakifika pale wananyamaza. Hata mimi, yaya, nilikuwa nazunguka kwa njia ndefu, bidon ya maji kichwani, ili nisipite karibu.

Mwezi wa kwanza shefu wa kartie alituita. Alisema Leta imepata tena pesa ya maji na vyoo, lakini ni kidogo na kartie zinazoililia ni nyingi. Injenia Hubert, kijana mpole aliyetumwa kupima, alieleza kwamba kuanza kisima kipya hakuwezekani. Kumalizia cha zamani kunawezekana, na pesa itakayobaki itajenga vyoo na mfereji. Tukikataa, pesa itapelekwa kartie nyingine, na hakuna anayejua kama itarudi.

Watu waliangalia chini. Ndipo Mama akasimama. Weye unajua kwamba Mama hasemi katika mikutano. Alisema shimo lile lifukiwe, hata leo, hata na yeye mwenyewe kwa mikono yake. Shefu alimuuliza sababu. Akajibu kwamba mle hamna maji ila vilio. Basi kila mtu akapata mdomo: mmoja alisikia kikohozi, mwingine aliona moshi. Nilidhani jambo limekufa.

Agathe ndiye aliyelifufua. Alisimama akiwa bado na kitambaa cha matanga kichwani. “Kama mule iko pepo, ikuje ikunywe pamoja na siye,” alisema. “Mutoto wangu hakukufa sababu ya pepo. Alikufa sababu ya maji.” Watu walikubali kuchimba, na Mama akarudi nyumbani bila kunisubiri.

Habari za kisima zilitembea na malori mpaka Butembo, na zikamfikia Mbambu. Unamkumbuka Mbambu, yule mama aliyekuwa anauza mafuta ya mawese na chumvi kwenye kona yetu, aliyetoka Kivu ya Kaskazini na mumewe Kamate. Kamate aliuawa katika vita hivi, na siye tulifikiri Mbambu na watoto wake wamekufa pia. Mchana mmoja nilimwona amesimama kwangu na vumbi la njia yote mwilini. Alikataa kukaa. Aliniuliza kama mabati yamekwisha kuondolewa. Nilipojibu bado, alikaa chini, akaanza kulia.

Alinieleza hivi. Asubuhi ile, watu wenye silaha walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa asili yake. Fiacre alimkuta akikimbia ovyo na watoto. Aliwavuta mpaka kwenye shimo, akasogeza bati, akawaonyesha vikanyagio. Yeye alibaki juu kurudisha mawe. Wale watu wakamkuta na jiwe mkononi. Mbambu alisikia wakimuuliza anaficha nini. Fiacre akawajibu kwamba ni choo cha kartie, wakitaka waingie wachague pa kukaa. Mmoja alicheka. Kisha risasi ikalia, na wakamsukuma ndani ya hicho choo chake, wakaenda zao.

Yaya, alimwangukia Mbambu miguuni. Alikuwa bado anapumua. Mbambu alimshika kichwa, akawaziba watoto macho ijapokuwa kulikuwa giza. Fiacre alikuwa anaita, “Mama, niko huku. Mama, kuya unitoe.” Aliita kwa muda mrefu, na Mbambu alimwomba anyamaze asiwarudishe wale. Mwishoni alisema kwa sauti ndogo kwamba ni vizuri, Mama amekwisha kukimbia. Hakusema tena. Bunduki ziliponyamaza, Mbambu na watoto walipanda, wakarudisha bati, wakaingia porini. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Na alipofika kwao, aliona haya kuandika kwamba yeye yuko mzima.

Tulikwenda kwa shefu siku ile ile. Injenia Hubert aliwaita wachimbaji, na padri akaja. Walipotoa mabati, kartie nzima ilikuwa pale. Nilimjua kwa ile triko, sweta ya kijani uliyomtumia, yenye kifungo kimoja cheupe nilichokishona mwenyewe. Tulimzika kando ya Baba. Mbambu alitembea pamoja nasi kama mtu wa familia, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Mama hakulia. Nilifikiri huzuni imemkausha.

Baada ya maziko nilitaka kumfariji. Nilimwambia kwamba Fiacre alikufa na moyo uliotulia, maana alijua Mama yake amekimbia, yuko salama. Ningejua, ningejiuma ulimi. Mama alisema, “Sikukimbia.”

Alikuwa ndani, Donatien. Alikuwa ndani ya nyumba, chini ya dirisha. Alisikia risasi, kisha akasikia mwanawe akimwita kutoka ardhini. Mwanzoni alifikiri ni mtego, kwa sababu siku zile walikuwa wanamkamata mtu na kumlazimisha aite ndugu zake watoke. Lakini sauti iliendelea na hapakuwa na mwingine pale nje, na yeye akajua kwamba ni Fiacre, peke yake, na anakufa. Alifika mlangoni. Alishika komeo. Kisha akarudi, akajifunika kichwa kwa kikwembe mpaka sauti ikaisha. Baadaye alimwona Mbambu akitoka shimoni na watoto wake, bila Fiacre. Hakwenda kuangalia. Alipigilia kile kikwembe dirishani, na nilipomtokea akanipa Mongbwalu, kwa sababu Mongbwalu ni mahali ambapo mtu anaweza kukawia.

Ni yeye aliyeniomba nikuandikie, maana weye ndiye mkubwa wetu. Nilipoanza kuandika kwamba aliogopa, alinizuia. “Usimuandikie ile,” alisema. “Kila mutu alikuwa anaogopa. Fiacre naye alikuwa anaogopa.”

Mafundi walipumzika siku za matanga, kisha wakarudi kuchimba. Wiki hii walifikia maji. Yalitoka machafu, wakayavuta mpaka yakawa meupe, na Injenia Hubert akatia dawa na kutuambia tungoje. Leo Agathe alichota wa kwanza. Wanajenga vyoo kule mfereji utakapopita. Watu wanapiga mustari na bidon zao, wanasemezana, hata wanacheka. Mama alitoka, akasimama kwenye mustari kama wengine. Zamu yake ilipofika aliiangalia ndoo ikishuka gizani, akaacha bidon yake pale pale na kwenda kijitoni mikono mitupu. Nilimfuata na bidon.

Anasema usimwandikie kwamba umemsamehe. Mambo ya kwenye karatasi hatayaamini. Anataka uje umwambie uso kwa uso lile lililo moyoni mwako, likiwa zuri ao likiwa baya. Mimi nimekwisha kusema langu, na sitakuambia ni lipi, ili nisikupe maneno yangu mdomoni.

Njia ya Komanda inapitika siku hizi. Salimia shemeki Priscille na watoto, uwapige busu kila mmoja kwa jina langu. Mbambu yuko kwetu bado, naye anakusalimu. Mama hakutuma salamu. Anauliza tu lori la Kisangani linafika siku gani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Anastasie